Barua za wanasayansi wa karne ya 19: ipi ya binafsi, ipi ya kikazi?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa uzamili wa historia: "Tasnifu yangu inahusu namna wanasayansi wa Ulaya wa karne ya 19 walivyojadiliana kwa barua, na nimemchagua Charles Darwin na wenzake. Msimamizi wangu ameniambia nizigawe barua mafungu mawili, za binafsi na za kikazi, kisha nizifanyie kazi za kikazi tu. Nimejaribu, lakini karibu kila barua inaingia kote kuwili. Nifanyeje? Na barua hizi ni za kuaminiwa kiasi gani?"

Ndugu mwanafunzi, usizigawe. Ugumu uliokutana nao ndio hasa jambo ambalo tasnifu yako inatakiwa kulieleza, na ukiufunika kwa mafungu mawili utakuwa umetupa nusu ya ushahidi kabla hujaanza kuusoma.

Nadhani msimamizi wako anafikiria ofisi kama tunavyozijua sisi: barua ya kazi ina namba ya kumbukumbu na nakala kwenye faili, barua ya mama iko nyumbani ndani ya droo. Darwin hakuwa na ofisi ya namna hiyo. Hakuwahi kuajiriwa na chuo kikuu chochote. Aliishi kwa mali ya familia, na tangu Septemba 1842 alikaa katika kijiji cha Downe, mkoa wa Kent, kama kilomita 25 kutoka London, mara nyingi akiwa mgonjwa. Chumba chake cha kusomea kilikuwa ndani ya nyumba ileile walimokuwa wakikimbizana watoto wake. Maarifa aliyoyahitaji yalimfuata kwa posta. Barua zinazojulikana leo, alizoandika na alizoandikiwa, zinakaribia 15,000, na watu aliowasiliana nao ni kama 2,000: wataalamu wa mimea, wafugaji wa njiwa, watunza bustani, maofisa wa makoloni, wamisionari, makasisi wa vijijini. Ukiziondoa barua hizo, kazi yake ya utafiti inabaki na sehemu ndogo sana.

Posta yenyewe ilikuwa imebadilika karibuni. Kabla ya Januari 1840 gharama ya barua Uingereza ilipimwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na kwa kawaida aliyepokea ndiye aliyelipa, hivyo kumwandikia mtu usiyemjua lilikuwa ni kumtwisha deni. Kuanzia hapo peni moja ilitosha kupeleka barua nyepesi popote ndani ya nchi, na mwandishi ndiye aliyelipa. Darwin alipohamia Downe mfumo huo ulikuwa na miaka miwili tu. Aliweza kumuuliza mtaalamu wa mimea swali dogo la mistari mitatu leo, akauliza jingine keshokutwa.

Sasa tazama barua mbili za mwaka 1844. Ya kwanza ni ya tarehe 11 Januari, kwa Joseph Dalton Hooker, kijana mtaalamu wa mimea aliyekuwa amerudi miezi michache kabla kutoka safari ya miaka minne ya bahari za kusini. Walikuwa wameanza kuandikiana mwishoni mwa 1843 tu. Katikati ya maswali ya kawaida kuhusu mimea ya visiwa, Darwin anamwambia kwamba amekaribia kusadiki kuwa spishi za viumbe zinabadilika, na ndani ya mabano anaongeza kuwa ni kama kuungama kwamba umeua mtu. Hebu jaribu kuiweka barua hiyo kwenye fungu moja. Hoja ni ya kisayansi, namna ya kuitamka ni ya mtu anayemkabidhi mwenzake siri.

Ya pili ni ya tarehe 5 Julai mwaka huohuo, kwa mke wake Emma. Kwa mgawanyo wa msimamizi wako hii ingetupwa moja kwa moja, mume anamwandikia mke. Ndani yake Darwin anasema amemaliza muhtasari wa nadharia yake ya spishi, na kwamba akifa ghafla, Emma atenge pauni 400 za kuuchapisha na amtafute mtu wa kuuhariri. Anataja majina ya wanaofaa, Lyell, Forbes, Henslow, Hooker na wengine. Baadaye, mwaka 1854, aliongeza kwamba Hooker ndiye anayefaa kuliko wote. Kwa mwanahistoria huu ni wosia, na ni orodha ya watu ambao Darwin aliwaamini kisayansi, ikiwa na kiwango cha fedha alichoona kazi hiyo inastahili. Katika karatasi za mwaka huo sijui nyingine inayoeleza vizuri zaidi alivyoithamini nadharia yake, nayo iko kwenye barua ya ndoa.

Urafiki na Hooker uliendelea karibu miaka 40, na barua zao zinazojulikana ni kama 1,400. Usiziruke salamu zake. Unajua barua za zamani za pwani yetu, zile za hati za Kiarabu, ambamo salamu na sifa zinaweza kuchukua nusu ya ukurasa kabla ya kufika "ama baada": anayeruka salamu hizo hajui nani mkubwa, nani anaombwa, nani ana kinyongo. Kwa Waingereza hawa salamu ni fupi, lakini zinafanya kazi hiyohiyo. Mwanzoni Darwin anamwita Hooker bwana, kisha anamwita kwa jina lake la ukoo kama wanaume marafiki walivyoitana, na uzeeni anamwita rafiki yake wa zamani. Jinsi salamu inavyolegea ndivyo maswali yanavyozidi kuwa ya wazi na upinzani unavyozidi kuwa mkali. Hooker alimkosoa Darwin kwa miaka mingi kwa sababu alikuwa na ruhusa ya kumkosoa, na ruhusa hiyo ilijengwa kwa habari za watoto, tumbo linalosumbua na mwaliko wa kuja kulala Downe.

Mfano ninaoupenda ni wa mbegu. Mwaka 1855 Darwin alitaka kujua kama mimea inaweza kufika visiwani kwa kuelea baharini. Hooker alikuwa na shaka kubwa. Darwin akaloweka mbegu katika chupa za maji ya chumvi nyumbani kwake, akawa anamwandikia Hooker matokeo, na katika barua moja anamweleza kwamba watoto wanamuuliza kila mara kama atamshinda Dokta Hooker. Kwenye kitabu chake cha 1859, On the Origin of Species, matokeo yanasimama kwa ukavu: kati ya aina 87 za mbegu, 64 ziliota baada ya siku 28 majini, na chache zilistahimili siku 137. Barua ndizo zinazotuonyesha kwamba takwimu hizo zilizaliwa ndani ya ubishi wa marafiki wawili, watoto wakishangilia pembeni. Na kama kulipa deni, watoto wa Hooker nao waliingia katika historia: mwaka 1859 sehemu ya muswada ambayo Darwin alikuwa amempa Hooker aisome iliwekwa kwa bahati mbaya kwenye droo ya karatasi za kuchorea, na watoto wakachora mpaka karibu robo yake ikapotea.

Huzuni nayo ilipita njia ileile. Darwin alimpoteza binti yake Annie, mwenye miaka kumi, tarehe 23 Aprili 1851. Septemba 1863 Hooker alifiwa na binti yake wa miaka sita, na saa moja tu baadaye aliketi akamwandikia Darwin, akisema kwamba katika msiba huo anamfikiria yeye kuliko rafiki mwingine yeyote. Mwaka huohuo walikuwa wakiandikiana kuhusu mimea ambayo Hooker alimpelekea kutoka Kew, bustani kubwa ya mimea karibu na London alikofanya kazi, kwa ajili ya nyumba mpya ya kioo ya Darwin. Huwezi kuelewa kwa nini Kew ilimfungulia Darwin milango yake kiasi kile bila kusoma barua ya msiba.

Lakini ushahidi wenye nguvu kuliko wote uko mwezi Juni 1858, na hapo nakuomba ukae muda mrefu.

Alfred Russel Wallace alikuwa kwenye visiwa ambavyo leo ni vya Indonesia, akikusanya ndege na wadudu na kuwauza Uingereza kupitia wakala. Yeye na Darwin walikuwa wamekwisha kuandikiana mara chache. Kutoka Ternate, mapema mwaka 1858, Wallace alimtumia insha fupi yenye wazo lilelile, la uteuzi wa asili, ambalo Darwin alikuwa amelishikilia kwa karibu miaka ishirini. Tarehe 18 Juni Darwin anamwandikia mwanajiolojia Charles Lyell kwamba onyo la Lyell kuwa Darwin atatanguliwa limetimia, na kwamba upya wote wa kazi yake utavunjika. Siku saba baadaye anamwandikia tena kwamba ni afadhali achome kitabu chake chote kuliko Wallace au mtu yeyote amdhanie kuwa alitenda kwa roho ndogo.

Wakati huohuo nyumbani kuna maradhi. Binti yake Henrietta anaumwa, kisha mtoto mdogo, Charles Waring, mwenye mwaka mmoja na nusu, anashikwa na homa ya vipele vyekundu, na tarehe 28 Juni anafariki. Tarehe 29 Darwin anamwandikia Hooker mara mbili. Anampelekea insha ya Wallace, pamoja na nakala ya muhtasari aliokuwa amemwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Harvard tarehe 5 Septemba 1857. Anaweka pia ule muswada wa 1844, na sababu anayoitoa ni kwamba Hooker ataona mwandiko wake mwenyewe pembeni na kukumbuka kuwa aliusoma. Anasema labda yote yamechelewa, na kwamba hajali sana. Tarehe 1 Julai karatasi hizo zikasomwa mbele ya Linnean Society, chama cha wataalamu wa viumbe mjini London. Darwin hakuwapo, alikuwa na msiba. Wallace alikuwa mbali, hajui lolote.

Tazama kilichotumika kama uthibitisho wa nani alitangulia. Kilikuwa barua kwa rafiki aliyeko Marekani, iliyoandikwa kwa sharti la kutunziwa siri, na alama za kalamu za rafiki mwingine pembeni ya muswada. Urafiki ulifanya kazi ambayo leo tunaiachia tarehe ya jarida. Na hapo hapo pana doa ambalo mtafiti mwadilifu halifichi: waliopanga mambo, Lyell na Hooker, walikuwa marafiki wa upande mmoja, na Wallace hakuulizwa. Je, aliumia? Jibu bora tulilo nalo liko kwenye barua ya mtoto kwa mama yake. Tarehe 6 Oktoba 1858, kutoka Ternate, Wallace anamwandikia mama yake kwamba amepokea barua kutoka kwa Darwin na Hooker, kwamba amefurahi sana, na kwamba sasa amehakikishiwa kufahamiana na wakubwa hao atakaporudi nyumbani. Kwa Hooker mwenyewe angeweza kuwa anajipendekeza, kwa mama hakuwa na haja hiyo. Ungeifuata ile kanuni ya mafungu mawili, barua hii ungeiacha kwenye sanduku.

Weka kando ya hayo barua ambazo ukaribu ulikosekana. Gregor Mendel, mtawa wa Brünn (leo Brno, Ucheki) aliyechunguza urithi wa mimea, aliandika kwa Carl Nägeli, mtaalamu wa mimea wa München, kuanzia tarehe 31 Desemba 1866 hadi 1873. Barua kumi zake zimebaki. Ni barua za heshima, zenye maelezo marefu ya majaribio ya njegere, na mbegu ndani yake. Nägeli alikuwa mkubwa mwenye jina, akajibu kwa tahadhari, na akamvuta Mendel zaidi kwenye mmea aliokuwa akiuchunguza yeye, Hieracium. Mmea huo mara nyingi huzaa mbegu bila kuchavushwa, jambo ambalo hakuna aliyelijua wakati ule, hivyo matokeo ya Mendel hayakufanana na ya njegere. Sisemi kwamba urafiki ungelimwokoa. Nasema tu kwamba Hooker alimpinga Darwin ili amsaidie kuona, na sioni mahali ambapo Nägeli alimfanyia Mendel hivyo. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1905 na Carl Correns, aliyekuwa mwanafunzi wa Nägeli, Mendel akiwa amekufa miaka 21 kabla.

Kuna jambo jingine litakalokusaidia kwenye sura ya nadharia. Posta iliwaingiza watu ambao milango ya vyama ilifungwa mbele yao. Linnean Society haikupokea wanawake mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, lakini Mary Treat wa New Jersey alimpelekea Darwin uchunguzi wake wa mimea inayokula wadudu, na Darwin akamtaja kwa jina kitabuni. Lydia Becker wa Manchester alimtumia maua yasiyo ya kawaida, kisha akamwomba kitu cha kusoma mbele ya chama cha wanawake alichokianzisha, na Darwin akampa. Mwaka 1867 Darwin alisambaza orodha ya maswali duniani kote, akiuliza kama watu wa mataifa mbalimbali wanaonyesha furaha, aibu au hasira kwa uso kwa namna moja. Majibu mengi yaliandikwa na Wazungu wakiwaeleza wengine. Moja lilitoka Afrika Kusini kwa Christian Gaika, Mxhosa aliyeandika majibu yake mwenyewe kwa Kiingereza, naye anatajwa kwenye kitabu cha Darwin cha 1872 kuhusu namna hisia zinavyoonyeshwa. Mtafute. Ni nadra mno katika barua hizi kukuta Mwafrika ndiye anayeshika kalamu.

Sasa swali lako la pili, la kuaminika. Ziamini kwa kuuliza kwanza zimekufikiaje. Francis, mwana wa Darwin, ameeleza kwamba mpaka mwaka 1862 hivi baba yake alikuwa akizitundika barua alizopokea kwenye vijiti vya chuma, na vikijaa, barua za miaka kadhaa zinachomwa moto. Kwa hiyo kwa miaka ya mwanzo mara nyingi tunamsikia Darwin akijibu bila kusikia alichoulizwa. Barua nyingine alizikata vipande kwa mkasi, kila kipande akakiweka kwenye jalada la mada yake, ndiyo maana wahariri walihangaika kuziunganisha upya. Barua ya Wallace iliyokuja na insha kutoka Ternate haipo, wala bahasha yake, na pengo hilo limezaa ubishi usiokwisha kuhusu siku iliyofika. Kisha kuna mkono wa familia: Francis alichapisha barua za baba yake mwaka 1887 katika juzuu tatu, akichagua na kupunguza huku mama yake akiwa hai. Usinukuu kutoka huko kama kuna njia nyingine, nayo ipo. Mradi wa kuhariri barua zote, ulioanza mwaka 1974 chini ya Frederick Burkhardt, umekamilika kwa juzuu 30, na maandishi yake unaweza kuyasoma bure kwenye intaneti.

Angalia pia ni mkono wa nani ulioandika. Mwandiko wa Darwin ulikuwa mbaya, na nyingine alizitamka tu, mke au mtoto akaandika. Francis anakumbuka kwamba ikiwa barua inakwenda kwa mgeni wa nchi nyingine, baba yake alimsihi ajitahidi kuandika vizuri. Barua uliyodhani ni ya watu wawili inaweza kuwa imepita mbele ya macho ya watatu au wanne.

Na kama utatakiwa kuonyesha uhusiano na kwetu, usiulazimishe, upo tayari. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa na Livingstone huko Zambezi, alifika Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa balozi mkuu wa Uingereza. Kwa miaka mingi aliandikia Kew kuhusu mimea ya pwani, ikiwemo mti wa msandarusi, akipeleka vielelezo pamoja na barua. Mwaka 1884 alipeleka mmea mdogo wa maua ya zambarau ambao haukutosha kuelezwa kisayansi. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani huko Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliukuta mmea wa jamii hiyohiyo na kumtumia baba yake Ujerumani. Baba, mpenzi wa maua, akampa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, na mwaka 1893 Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Leo unapandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Kilichouingiza kwenye sayansi ni kifurushi cha mtoto kwa baba yake. Majina ya Wasambaa walioujua msitu ule hayamo kwenye jina hilo, na kwenye barua za aina hii kutotajwa kwao ni jambo la kuandikwa nawe waziwazi, usilipite kimya.

Kwa vitendo, badala ya mafungu mawili, kwa kila barua andika nani anamwandikia nani, salamu ikoje, kinaombwa nini, kinatolewa nini, ndani ya bahasha mna nini zaidi ya karatasi, na nani mwingine ataisoma. Ukifanya hivyo kwa barua mia moja utaona zinavyojipanga zenyewe, na utakuwa na jedwali la kumwonyesha msimamizi wako. Anza na zile za 18 Juni mpaka wiki ya kwanza ya Julai 1858, uzisome zote kwa mfuatano wa tarehe, za mtoto mgonjwa na za nadharia pamoja, kabla hujafungua kitabu chochote kinachozieleza.